Managu ya Krete

Mdogo wangu alikuwa amepanga kila kitu kabla sijafika: asubuhi magofu, mchana bahari, jioni chakula. Anafanya kazi katika jiko la hoteli moja huko Krete, kisiwa cha Ugiriki ambacho jina lake nililisikia kwanza kanisani, na mwajiri wake alikuwa amempa likizo fupi kwa ajili yangu. Mimi hufundisha historia nyumbani, karibu na Sironga. Miaka yote nimewaeleza watoto habari za Wagiriki wa kale bila kuona hata jiwe lao moja. Nilipaswa kufurahi, lakini sikuweza kutulia.

Mama yetu alikuwa amefariki miezi michache kabla ya hapo. Mimi ndiye niliyemuuguza. Nilimgeuza kitandani, nikamwosha, nikampikia uji wa wimbi, kisha nikakimbilia shambani kuona kama wachuma chai wamefika kabla sijaenda shule. Baada ya mazishi mikono yangu ilikosa kazi. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. "Njoo upumzike, dada," mdogo wangu aliniambia kwa simu. Yeye hakuja kumzika mama. Hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza.

Katika magofu ya kasri la kale tulikuta mitungi ya udongo mirefu kunizidi, ambamo watu wa zamani hizo waliweka mafuta na nafaka. Ilikuwa imepambwa kwa kamba za udongo, kana kwamba mfinyanzi aliogopa isije ikapasuka. Nilisimama mbele yake nikiwaza kama majani ya chai yamefikishwa kituo cha kuuzia au yamelala shambani. Tukaenda kwenye ngazi, tukaenda kwenye ukuta wenye picha za wanawake wenye nywele za mawimbi. Kila mahali nilitangulia kuondoka.

"Dada, umekuja kuona au umekuja kupita?" mdogo wangu aliniuliza.

Ufukweni ilikuwa vivyo hivyo. Bahari ilikuwa ya buluu hadi macho yakauma. Watu walikuwa wamelala juani kama mahindi yaliyoanikwa, nami nikawa nakung'uta mchanga kwenye taulo zetu tena na tena. Jioni aliagiza pweza wa kuchoma. Tumelelewa Kisabato, na mnyama huyo hakuwahi kuingia midomoni mwetu.

"Sisi hatuli vitu hivi," nilisema.

"Sisi nani?" akajibu, akakata kipande akala.

Kesho yake niliamka kabla yake, nikatoka peke yangu. Amepanga chumba katika kijiji cha milimani, chenye njia za mawe na mizeituni kila upande. Nikapita kando ya bustani moja yenye mistari ya nyanya, na katikati ya nyanya zile nikaona managu, mboga chungu ya majani tunayoipika kwetu. Sikuamini. Nikainama, nikakata jani, nikalinusa. Yalikuwa managu yenyewe, na maua yake madogo meupe. Kabla sijafikiri vizuri nilikuwa nimeshika pindo la gauni nikichuma.

Bibi mmoja mzee aliyevaa nguo nyeusi tupu alitoka nyumbani akipiga kelele. Sikuwa na neno hata moja la Kigiriki. Nikainua jani, nikajifanya natafuna. Akanyamaza. Akatazama pindo la gauni langu, akaingia ndani, akarudi na beseni. Tukachuma pamoja.

Hapo ndipo mdogo wangu aliponikuta, akihema kwa kunitafuta. "Umefikaje kwa Yaya?"

"Yaya? Anamlea mtoto wa nani?"

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Kwao yaya ni bibi. Huyu ni jirani yangu."

Bibi alituketisha jikoni tuchambue majani. Aliongea sana, na mdogo wangu akawa ananitafsiria kwa Ekegusii, lugha ya kwetu. Kisha bibi akanishika mkono, akasema jambo taratibu, na mdogo wangu hakulitafsiri.

"Anasema nini?"

Akaongeza kasi ya kuchambua.

"Niambie anasema nini."

"Anakupa pole ya mama." Alikuwa ameinamia beseni. "Anasema siku ya mazishi nilikuwa hapa, kwenye kiti hicho ulichokalia. Niliyatazama kwa simu. Mlipoanza kuteremsha jeneza, mtandao ukakatika."

Niliacha kuchambua. "Mbona hukuja?"

"Vibali vyangu vya kukaa huku vilikuwa vinashughulikiwa. Bado vinashughulikiwa. Ningetoka, nisingeruhusiwa kuingia tena."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, dada? Kwamba nimechagua kazi, nikamwacha mama?"

Nikaendelea kuchambua, hata mabua yasiyofaa. Ndipo akauliza, kwa sauti ndogo, kama mama aliniachia neno lolote.

"Siku za mwisho aliniita kwa jina lako," nikamwambia. "Kila nilipomlisha, alikushukuru wewe."

Alilia huku mikono yake ikiwa imejaa majani. Nami nililia, na sijui hadi leo kama nilimlilia mama au nilililia shukrani zile. Bibi aliosha managu, akayachemsha pamoja na mamumunye madogo ya kijani, akayamiminia mafuta ya zeituni na kuyakamulia limau. Yalikuwa machungu, bila maziwa tunayotia kwetu kuyatuliza. Tuliyamaliza yote.

Vibali vilitoka muda mrefu baada ya mimi kurudi. Mdogo wangu alipofika nyumbani, kabla ya kuweka begi chini, aliniomba nimwonyeshe kaburi. Liko chini ya migomba, upande wa shamba letu unaotazama Itumbe. Nilimwacha hapo peke yake, nikakaa jikoni nikisikiliza. Mvua ilianza, na bado hakuja. Nikachukua mwavuli, nikamfuata.