Mtunza Stoo Aenda Maramba

Niliondoka Tanga kwa sababu ya ubishi. Nina miaka sita natunza stoo ya vipuri pale Mabawa, kwenye kampuni ndogo inayotengeneza pampu za maji za vijijini, na leja yangu nilikuwa nikijivunia kama wengine wanavyojivunia watoto. Mafundi walikuwa wamekwenda mara mbili kutengeneza pampu ya kituo cha afya kimoja upande wa Maramba, wakarudi mara zote mbili wakisema stoo haina beringi yake. Mimi nikasema zipo nne, rafu ya pili, nimeziandika kwa mkono wangu. Wao wakasema zile sizo. Meneja alipochoka kutusikiliza, nikamwambia safari ya tatu nakwenda mwenyewe, na beringi naibeba mimi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulitoka na pikapu, mimi na fundi Petro. Petro ni mtu wa maneno machache, aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge na kulelewa na nyimbo za kanisani, na asubuhi ile hakuimba. Beringi nilikuwa nimeipakata ndani ya boksi lake.

Mabokweni tuliiacha barabara ya mpakani, tukashika ya Maramba. Michungwa ilianza, kisha mahindi, na mbele yetu milima ya Usambara ikazidi kuwa karibu. Niliona aibu kidogo. Miaka sita nimeandika "Maramba" kwenye fomu, wala sikujua kwamba njiani kuna vilima vya kuifanya pikapu ipumue hivi.

Saa tatu kasoro tulifika. Kinamama wawili walikuwa wanapandisha ndoo kutoka mtoni, mmoja mjamzito. Muuguzi mfawidhi, Mama Agnes, alitoka wodini akifuta mikono.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni fundi?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye mtunza vipuri."

Alinitazama, kisha akasema kwa upole, "Basi ni wewe tuliyekuwa tunakungoja. Siku ya tisa leo. Anayekuja kujifungua, nduguze ndio wanaomletea maji."

Nikamfuata Petro kwenye kibanda cha pampu.

Petro alifungua pampu, akatoa beringi iliyokufa, akapokea ile ya kwangu na kuiweka kwenye shafti. Haikuingia. Akaigeuza, akajaribu tena. Kisha akanikabidhi. "Jaribu wewe, dada Mwanaidi."

Nilijaribu. Tundu lilikuwa dogo, si kwa kiasi kikubwa, lakini dogo. Pampu zetu ni za aina mbili, nazo kwa nje zinafanana. Mimi beringi zote niliziandika kwa jina moja, "beringi ya pampu", na kila zilipopungua niliagiza za aina ileile ndogo. Kwa hiyo leja ilikuwa safi na ilikuwa inadanganya. Nilihisi uso unawaka.

Petro hakunisema. Alikwenda kwenye pikapu, akavuta kopo kuukuu la rangi kutoka chini ya kiti, akalimwaga juu ya gunia. Fyuzi, mipira, vali, swichi: vitu nilivyokuwa naviagiza upya kila mara kwa kuwa havionekani rafuni.

"Hivi ni vya stoo?"

"Vya stoo," akasema. "Nikivirudisha, siku ya kuvitaka nitajaza fomu na kungoja. Watu wananingoja mimi huku. Kila fundi ana kopo lake."

Beringi haikuwemo. Hasira ilinipanda, kisha ikashuka yenyewe, maana ile fomu niliitunga mimi.

"Nani anaweza kuwa nayo?"

"Labda Hamisi. Kopo la mwenzio huulizi. Yupo Duga leo."

Nilimpigia. Fundi Hamisi alisema hana kitu, kwa haraka mno.

"Kaka Hamisi," nikasema, "sikupigi kukukamata. Nimesimama kwenye pampu ya Maramba. Beringi niliyoileta mimi ndiyo isiyofaa, kosa ni langu. Kama unayo ile kubwa, kinamama hapa watakushukuru, nami sitauliza umeipata lini."

Nikasikia vyuma vinapekuliwa.

"Ninazo mbili," akasema. "Nakuja."

Kabla ya adhuhuri pikipiki yake iliingia uani, mwenyewe amejaa vumbi hadi kwenye kope. Beringi iliingia kwenye shafti kwa shindo moja. Petro alifunga boliti, akawasha. Pampu ikakohoa, ikanguruma, halafu tukasikia maji yanapiga sakafu ya tangi juu yetu. Mama Agnes alifungulia bomba la wodi ya wazazi, akaacha mikono yake chini ya maji muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatupikia ugali na kisamvu, akakataa tuondoke bila kula.

Njiani kurudi Petro aliimba, utenzi mmoja baada ya mwingine, mpaka Mabokweni.

Kesho yake nilichana ile fomu mbele ya mafundi wote. Nikawaomba walete makopo, bila swali kwa mtu yeyote. Nikavipima vipuri kimoja kimoja, nikavipa kila kimoja jina na saizi yake, kisha nikawarudishia vile vinavyoharibika mara kwa mara, safari hii vikiwa vimeandikwa: kopo la nani lina nini. Nilichojifunza ni kwamba stoo yangu haiishii kwenye ukuta wa Mabawa. Inatembea barabarani kwa pikapu na pikipiki, na nisipojua kilichomo humo, sijui kitu.

Wiki chache baadaye pampu ya Moa, huko pwani, ilizimika asubuhi. Nilifungua leja, nikaona swichi yake iko kwa Hamisi, na Hamisi yuko jirani. Kabla sijamaliza chai yangu ya saa nne alinipigia simu. Aliisogeza simu karibu na bomba, nikayasikia maji.