Skrini ya Shule na Kiti cha Nyuma

Watu wa Kiminini wanaonikumbuka kama mwenyekiti wa wazazi aliyeleta skrini shuleni hunisifu kwa jambo ambalo nilikaribia kuliharibu kabisa. Nimewaacha wanisifu miaka mingi. Aliyestahili sifa hizo ni mwalimu wa jiografia, mwanamke wa umri wa binti yangu wa pili, mzaliwa wa Naitiri, ambaye alijua kuchagua kitu kama hicho kabla sisi wengine hatujajua hata cha kuuliza.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana, hatua chache kutoka barabara ya lami. Ilikuwa mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, wakati simu za mkononi zilikuwa zimeshafika hata kwa wakamuaji wa maziwa, lakini shule nzima ilikuwa na kompyuta moja tu, ofisini, imefunikwa kitambaa cha mezani. Mwalimu alikuwa ameenda semina Bungoma akaona somo likifundishwa kwa picha kubwa ukutani. Aliporudi hakutulia. Katika mkutano wa wazazi alisimama akatueleza kwamba wasichana wake walikuwa wakikariri delta ya mto kama sala, wakiandika vizuri kwenye mtihani kitu ambacho hawakuwahi kukiona hata kwenye picha, kwa maana kitabu kimoja kilisomwa na wasichana watano.

Pesa taslimu hatukuwa nazo, lakini mahindi yalikuwepo. Tukakubaliana kila mzazi alete gunia baada ya kuvuna. Mzee mmoja akanung'unika kwamba mwaka mwingine walimu watataka ndege. Watu walicheka, na mwalimu pia alicheka, kisha akasema maneno ambayo baadaye yalimgeuka.

"Nipeni skrini moja. Kama wasichana wa nyuma hawatafaidika, mahindi yenu mnidai mimi."

Mahindi yalipouzwa, tulienda Kitale watu watatu: mimi, mweka hazina na yeye. Mwenye duka alitupokea kama wakwe. Alinivutia kiti chenye mto, mbele kabisa, akanipa soda, akafunga pazia zito la dirishani na kuwasha projekta. Ukuta mzima ukawa maua. Kisha maporomoko ya maji, kisha mpira, mchezaji mkubwa kuliko mlango wa ghala langu. Nilisahau soda mkononi. Mweka hazina alikuwa amefungua mdomo kama mtoto.

Mwalimu alikuwa amebaki nyuma, amesimama. Aliomba pazia lifunguliwe. Mwenye duka akasema hata sinema huonyeshwa gizani. Akaomba tena, kwa upole, akieleza kwamba ukumbi wetu una madirisha mapana pande zote na hauna pazia hata moja.

Nikamkata. "Mwalimu, tumekuja kununua, si kusahihisha mtihani."

Wanaume wote dukani walicheka, na pazia likabaki limefungwa. Tulirudi na ile projekta, mimi nikiwa nimeipakata mapajani njia nzima.

Jambo linaloniumiza ni kwamba nilikuwa mkulima, na mkulima wa huku hawezi kudanganywa hivyo. Nilipokwenda kuangalia shamba la mfano la watu wa mbegu, sikuwahi kuangalia mistari ya mbele, ile iliyo karibu na kibao na barabara. Niliingia ndani, mpaka kwenye kona ya bondeni ambako maji husimama, nikavunja hindi la huko. Nilijua kwamba mbele hupandwa kwa ajili ya macho ya wageni. Lakini dukani nilikubali kuketi mbele, nikaona mbele, nikanunua mbele.

Siku ya wazazi ikafika. Kwetu, kama mnavyojua, wageni wa heshima huketi meza kuu, jukwaani, wakiwatazama watu. Picha ilirushwa kwenye ukuta wa jukwaa, palepale nyuma ya mabega yetu, kwenye kivuli. Niligeuza shingo nikaiona vizuri, nikapiga makofi. Mwenyekiti akipiga makofi, ukumbi hupiga makofi. Mwalimu aliuliza kama walioko nyuma wanaona. Wakaitikia kwa sauti moja kwamba wanaona, mwalimu, tena vizuri. Nani angekataa mbele ya meza kuu, juu ya kitu alichotolea gunia lake?

Baadaye, wakati wa chai, alikuja kukhu mmoja, nyanya aliyekuwa akilea wajukuu wawili waliosoma pale. Alimshika mwalimu mkono akamshukuru.

"Ule ukuta mmeupaka rangi nyeupe vizuri sana, mwalimu. Umependeza."

Mimi nilicheka. Mwalimu hakucheka. Alimuuliza alikuwa ameketi wapi, kukhu akamwonyesha: safu ya mwisho, karibu na dirisha linaloelekea magharibi. Mwalimu aliacha kikombe chake, akaenda akaketi pale pale, akaomba projekta iwashwe tena. Nilimwona kutoka mlangoni. Alikaa muda mrefu akitazama ule ukuta mweupe.

Jioni alifika kwangu. Nilitarajia anilaumu, na nilikuwa nimeshaandaa majibu. Alisema tu, "Mzee, pale nyuma hakuna kitu."

Tulijaribu kuokoa mambo. Nilipendekeza mablanketi madirishani, na kweli, yalipoangikwa picha ilionekana. Lakini wasichana walikaa kwenye joto na giza, hawakuona daftari zao, na taa ikiwashwa ili waandike, mto na milima vilipotea tena. Wengine walilala usingizi mzuri kuliko wa bwenini. Baada ya siku chache projekta ilirudi kwenye sanduku lake.

Maneno yakaanza. Kwenye mashine ya kusaga niliwasikia watu wakisema kwamba yule binti wa Naitiri alikuwa amekula mahindi ya watu na kuleta taa ya kurusha mwangaza. Nilikuwa pale, nikiwa na debe langu, mwenyekiti mzima. Ningeweza kusema ni nani aliyemnyamazisha Kitale. Nilisubiri unga wangu nikaondoka.

Yeye hakuacha. Siku moja aliniomba nimsindikize Bungoma. Awali alikuwa ameketi kwenye foleni ya benki huko, akatambua kwamba mlango ulikuwa wazi, jua limejaa ndani, na bado watu waliosimama mlangoni walisoma namba zao kwenye skrini iliyoangikwa ukutani. Aliuliza huku na huku mpaka akapata duka lililouzia ofisi skrini kama hizo. Kulikuwa na wateja kama mia ndani ya benki ile, nami nilikuwa nimewahi kuketi kwenye benchi lile lile, lakini mimi nilisoma namba yangu tu.

Mwenye duka la Bungoma, mama mmoja mchangamfu, naye alinivutia kiti mbele. Mwalimu akamzuia.

"Hapana, mama. Mzee akae kule mlangoni."

Nakiri nilikasirika. Maisha yangu yote, kanisani, matangani, kwenye baraza la chifu, sikuwahi kutumwa nyuma. Nilienda nikiburuta kiti ili wasikie. Nilipoketi, barabara ilikuwa nyuma ya kisogo changu na jua lote lilikuwa likiingia juu ya kofia yangu.

Hakutaka maua wala mpira. Alikuwa amebeba somo lake mwenyewe, ramani ya mto Nzoia yenye maandishi madogo, kama yale ambayo angeyatumia darasani. Na hakutazama skrini hata moja. Alinitazama mimi usoni.

"Soma, mzee."

Skrini ya kwanza ilikuwa kubwa na ya kung'aa, runinga ya sebuleni ya mtu mwenye uwezo. Niliona kofia yangu kwenye kioo chake. Niliona boda boda ikipita nyuma yangu, mahali palipopaswa kuwa na milima ya Cherang'any. Ramani sikuiona. Akawasha ya pili, ndogo kuliko ile, yenye kioo kisichong'aa, kimefifia kama kioo kilichopumuliwa. Nikasoma mji mmoja, kisha mwingine, nikifuata mto kutoka Moi's Bridge kuteremka. Akanihamisha mpaka ukutani kabisa, pembeni, ambapo skrini inaonekana kwa upande, akaniambia nisome tena. Nikasoma.

"Lakini ni ndogo," nikasema.

"Ile kubwa ulisoma nini?"

Mama mwenye duka alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia, mwishowe.

Kisha mwalimu akaanza maswali, na mpaka leo nikiyakumbuka namvulia kofia. Je, imeundwa kuwaka tangu asubuhi hadi jioni, au ni ya kuangalia habari na kuzimwa? Je, itaungana na kompyuta yetu ya zamani? Stima yetu ikija kwa nguvu baada ya mvua, italindwa na nini? Ikiharibika, fundi yuko hapa Bungoma au itapelekwa Nairobi isirudi? Mama alijibu mengine moja kwa moja, na mengine akampigia mtu simu. Palipokosekana jibu, mwalimu hakununua maneno. Alisubiri. Hakuwa amesomea mambo hayo. Alikuwa tu amewafikiria wasichana wake mmoja mmoja, kila mmoja mahali anapoketi, na kila swali lilitoka kwenye dawati fulani.

Ile projekta haikuwa mbovu, na ni haki niseme hivyo. Tuliiuza kwa mwenye ukumbi wa video Moi's Bridge, nyumba ya mabati isiyo na dirisha, ambapo mchana ni usiku. Alifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Kilichopungua ili tununue ile skrini ndogo nilikijaza kwa kuuza mtamba wangu mmoja, ng'ombe ambaye hakuwa amezaa bado, na sitaki sifa kwa hilo. Mwalimu aliagiza meza ya chuma yenye magurudumu kwa fundi wa kuchomelea pale Kiminini, ili skrini ifuate wasichana darasani badala ya wasichana kuifuata ukumbini, na ili katika darasa dogo udogo wake usiwe na maana.

Hata hivyo wazazi walitaka kuona, nao walikuwa na haki. Tukaita mkutano mwingine, mchana wa jua kali, madirisha yote wazi. Yeye ndiye aliyechagua saa hiyo. Waliokuja walikuja wakiwa wamekunja nyuso. Nilijua, naye alijua, kwamba kama hawataona leo, hatarudi darasani akiwa na jina.

Meza kuu ilikuwa imetandikwa kitambaa na viti viwili. Nilisimama mbele yake, nikawaambia watu kwamba Kitale mwalimu aliomba pazia lifunguliwe nami nikamfunga mdomo, na kwamba aliyepoteza mahindi yao ni mimi. Mweka hazina aliangalia viatu vyake. Kisha nikashuka, nikatembea katikati ya watu mpaka safu ya mwisho, nikaketi karibu na lile dirisha, kando ya kukhu. Alisogea kunipa nafasi akaninong'oneza, "Wamekufukuza mbele, mwenyekiti?" Nikamwambia nimejifukuza.

Mwalimu aliwasha skrini, akasukuma meza yake ya chuma mpaka mbele ya ukumbi, katikati. Akauliza kama walioko nyuma wanaona.

Safari hii hakuna aliyeitikia. Watu waligeuka, safu baada ya safu, wakamtazama kukhu. Naye hakuwa na haraka. Alifinya macho, akaegemea mbele, akaniwekea mkono begani ili ainuke kidogo.

"Naona mto," akasema. "Huo si ndio unapita kwetu?"

"Ndio wenyewe, kukhu. Unapita kwenu."

"Basi naona."

Kelele iliyofuata sitaweza kuieleza. Mwalimu alitugeuzia mgongo tusimwone uso, akaelekea ubao uliokuwa ukutani nyuma yake, akachukua dasta, akaanza kufuta, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ubao ule siku hiyo haukuwa umeandikwa kitu.