Chumba cha Picha cha Hajira

Hajira alizaliwa Kondoa, akaletwa Makambako na ndoa. Mume wake Mansoor alikuwa mpiga picha, na chumba chake cha picha kilikuwa karibu na stesheni ya treni, katika nyumba ya kaka yake Abdulaziz, mwenye malori. Sisi wa Njombe tulikuwa tunamfuata huko huko, ingawa kwetu nako wapiga picha walikuwepo. Sababu ilikuwa kamera yake. Ilikuwa nzito, ya filamu pana. Unaishika usawa wa tumbo, unainama kutazama kioo kilicho juu yake kama mtu anayechungulia chungu. Filamu moja ilitoa picha chache tu, za mraba, lakini ukiikuza picha mpaka ikajaa fremu ya ukutani, hata nyuzi za kitambaa unaziona. Binti yangu alipopata kipaimara, Mansoor ndiye aliyempiga picha. Ipo sebuleni kwangu mpaka leo, na sijaona kijana wa siku hizi aliyeifikia.

Baadaye macho ya Mansoor yakaingia ukungu. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, ila yeye aliogopa kisu. Hajira alikuwa amemshikia taa miaka mingi, kwa hiyo akaishika na kamera. Kazi ya gizani, ya kuvingirisha filamu kabla ya kuitia kwenye dawa, Mansoor aliendelea nayo mwenyewe, kwa kuwa mle gizani hata mwenye macho anatumia vidole.

Shida ni kwamba hizo zilikuwa enzi za ruksa. Bidhaa za nje ziliruhusiwa, na vijana wakapata vikamera vidogo kutoka Dubai, wakawa wanawafuata watu kwenye harusi na minadani. Na wale waliofika chumbani kwa Mansoor walipomkuta mwanamke ameshika kamera, wengine waligeuka mlangoni. Malori ya Abdulaziz nayo yaliongezeka, spea zake zikawa zinalala nje. Akamwambia Hajira, "Shemeji, nawangoja mpaka Idi ya kuchinja. Watu wakirudi, chumba chenu. Wasiporudi, naweka matairi." Hajira hakubisha. Nyumba ilikuwa ya shemeji yake.

Sisi tulikwenda kwake mwezi wa tano, mwaka wa 1990. Kwaya ya akina mama ya usharika wetu ilikuwa imerekodi kaseti, na mchapaji alitaka picha ya jalada, nyeusi na nyeupe. Mimi ndiye niliyetunza majoho ya kwaya, kwa hiyo hakuna safari iliyonipita. Mwenyekiti wetu alikuwa Anania, mwanamume pekee kati yetu.

"Kamwene," Hajira alitusalimu kwa Kibena chake cha kujifunza.

"Kamwene," tukaitika. Anania akachungulia nyuma yake. "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Namaanisha Mansoor."

"Mansoor yumo ndani, macho hayaoni. Ukitaka akupige yeye, utatoka huna kichwa."

Mansoor akacheka kutoka chumba cha nyuma. "Msikilize huyo, Anania! Mimi siku hizi napiga picha za dari tu."

Tukaingia. Hajira akatupanga mistari mitatu, akawasha taa zake mbili. Kila taa ilisimama kwenye stendi ya miguu mitatu, ikiwa na mwavuli mweupe, na iliwaka kidogo muda wote ili aone kivuli kinaangukia wapi kabla flashi haijapiga. Zilikuwa na joto. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Baridi ya Njombe inapasua ngozi. Kwetu mtu aliyepauka ni mtu asiye na mwenyewe. Mama mkwe akikuona miguu imepauka atakuuliza kama kuna msiba. Basi siku ya picha tulikuwa tumejipaka mafuta ya mgando nyumbani, na tulipofika mlangoni Erica akatoa kopo lake likazunguka tena, kila mtu akaongeza. Erica ndiye aliyekuwa anatuanzishia nyimbo. Taa zilipotupiga, mafuta yakayeyuka.

Hajira aliinama kwenye kioo cha kamera, akainuka, akainama tena.

"Mama zangu," akasema, "nawaomba mfute mafuta kidogo. Usoni tu."

"Tufute nini?" Erica akauliza.

"Mafuta, mama. Mwanga unarudi kwenye vipaji vya nyuso kama kwenye kioo. Picha itatoka na madoa meupe."

"Binti, mimi nina wajukuu. Sijawahi kutoka nje nimepauka, hata siku ya kumzika mume wangu. Leo nipauke juu ya kaseti, ifike mpaka Bulongwa, waseme Erica hana tena hata mtu wa kumnunulia mafuta?"

"Basi niwapake poda, kidogo tu."

"Poda!" Erica alitugeukia wote. "Poda ni ya wahudumu wa baa za hapa stendi. Tabea, kusanya majoho, tuondoke."

Mansoor akamwambia mkewe kutoka nyuma, "Mama Rehana, wape wanachotaka. Piga hivyo hivyo."

"Nikipiga hivyo hivyo watakuja kunirushia picha, Baba Rehana. Na wakiondoka, sharika zote zitajua. Ama hivi ama vile, shemeji analeta matairi yake."

Alisema kwa sauti, wala hakujali kama tunasikia. Ndivyo tulivyojua habari ya chumba. Erica hakutaja tena kuondoka, lakini kopo lake hakuliweka chini.

Hajira akapitisha kiganja mbele ya uso wa Erica, taratibu, akitazama ule mng'ao unavyohama. Kisha akavua miavuli yote miwili. Akaingia ndani, akatoka na shuka mbili nyeupe za kitandani, akazining'iniza kwenye kamba ya pazia, upande mmoja wa chumba kutoka juu hadi chini. Taa akazigeuza zitupe kisogo, zitazame shuka. Mwanga uliokuwa unachoma macho ukawa unarudi kutoka kwenye shuka umetulia, kama mchana wa mawingu kwetu.

"Sasa mafuta yenu yabaki," akasema. "Ila mwanga umepungua. Lenzi itabidi niifungue sana, na nikiifungua hivyo, wa nyuma watatoka ukungu. Sitaki mistari mitatu. Nataka miwili, na mbanane mpaka mashavu yakaribiane. Viti vitoke."

"Viti?" Anania akashtuka. "Viongozi hukaa mbele kwenye viti. Mimi mwenyekiti nikae wapi?"

"Wewe huimbi," Erica akamjibu. "Kaa huko kwa Mansoor, mkapige dari."

Tulicheka, tumebanana vile, na flashi ikatukuta katikati ya kicheko.

Juma lililofuata nilizifuata picha mwenyewe. Mng'ao ulikuwepo, lakini umelala kando ya shavu na kuuonyesha uso ulivyoumbwa, kama chungu kipya kilichopakwa mafuta. Nilipompa Erica yake, aliisogeza kwenye mwanga, akasema, "Huyu ni mimi." Mzee mmoja wa kanisa alilalamika kwamba tunacheka kama watu wa sokoni. Erica akamwuliza, "Kristo amefufuka, mzee, tumnunie nani?" Kaseti ikatoka na picha ile ile, Anania hayumo. Alinuna mpaka Krismasi.

Idi ya kuchinja ilipopita, kesho yake Abdulaziz alifika na futi ya kupimia. Nilikuwepo, nimepeleka wajukuu wa Erica wakapigwe picha. Kwenye benchi walikuwa wamekaa akina mama wa kwaya ya Kikatoliki kutoka Lugarawa, walioiona kaseti yetu, wanapakana mafuta, na nyuma yao watu wa Ipelele waliokuja na bibi harusi wao. Abdulaziz aliwapita, akafika mlangoni. Fidelia, kiongozi wa wale wa Lugarawa, akamshika mkono wa shati.

"Baba, foleni inaanzia kule."

"Mama, hii nyumba ni yangu."

"Hongera. Foleni inaanzia kule."

Hajira akatoa kichwa nje ya pazia. "Shemeji, Idi njema. Ukitaka kupima, anza uani. Huku ndani nimeshafunga shuka."

Abdulaziz alitazama benchi, akatazama futi yake, akazunguka nyuma ya nyumba. Mwezi ule akajenga banda la mabati kule uani, matairi yakahamia humo.