Jiwe juu ya daftari

Leo nimefuta kazi ya miezi miwili kwa sababu ya jiwe.

Nilikuwa kikaoni, naonyesha mfano wa hospitali yetu hapa Geita niliouunda ndani ya kompyuta. Wagonjwa wanaingia, wanapanga foleni, wanatoka.
Kompyuta ikasema mgonjwa anasubiri dakika arobaini tu.
Nikashauri dirisha moja la mapokezi lifungwe.

Mama Kulwa, muuguzi wa mapokezi, akanyanyuka. "Twende ukaone."

Mbele ya dirisha kulikuwa na foleni ya madaftari ya kliniki, kila moja na jiwe juu lisipeperuke. Wenyewe wamekaa kivulini, madaftari yakiwashikia nafasi.
(Mnaujua utaratibu huo. Hata mimi nimekulia humu humu, sijui niliusahau vipi.)

Nikamwendea mama mmoja wa Kharumwa.
"Shikamoo mama. Umefika saa ngapi?"
"Marahaba. Saa kumi na moja alfajiri."

Ilikuwa saa nne.
Nikamweleza kwamba kompyuta yangu inaanza kumhesabu mtu karani akishagonga muhuri kwenye daftari lake.

Akaliangalia daftari lake pale chini, halijaguswa.
"Kwa hiyo kwako wewe, mimi bado niko nyumbani?"