Kitambaa Cheupe cha Mama Povu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Povu anaanika kitambaa kimoja tu, cheupe, katikati ya kamba tupu. Kisha anaketi juu ya ndoo aliyoifudikiza na kunywa chai. Kikombe kinapokwisha, anakianua kitambaa na kukikagua juani.

"Safi," anasema. "Zamani kingekuwa na madoa kama yai la kware."

Mama Povu, jina alilopewa na majirani, ni dobi kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Nyumba yake ni ya tatu kutoka ukuta wa mtambo wa umeme uendeshwao kwa makaa ya mawe. Kwa sababu ya majivu ya dohani, hakuthubutu kupokea nguo nyeupe. Riziki yake ilikuwa ovaroli za wafanyakazi wa mtambo, arobaini kwa juma.

Mwaka jana mtambo ulifungiwa vichujio vya moshi. Majivu yakapungua, na ovaroli nazo zikapungua hadi kumi na tano. Bei ya umeme ikapanda kwa moja ya tano ili kuvilipia vichujio hivyo, ilhali pasi yake ni ya umeme. Jambo jema lina gharama yake, wala si uungwana kuificha.

"Asubuhi nilikuwa nikiulaani moshi, jioni naula," anakiri.

Mumewe, aliyewahi kupakua makaa mtamboni humo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi barua ya wakazi ya kudai vichujio. Kwa miaka sita alilala ameketi, akiegemea mito mitatu. Mwaka wa mwisho wa moshi alipelekwa hospitali mara tisa. Mwaka huu, mara mbili.

"Mimi nilikataa kutia sahihi miezi miwili," asema mkewe. "Nilijua namwaga unga wangu kwa mkono wangu. Siku moja akashindwa kumaliza kuniita kwa pumzi moja. Nikaomba kalamu."

Sasa tumaini lake ni nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili, yenye mashuka ishirini na manne kila siku. Mwenye nyumba hiyo amempa sita ya majaribio. Saa nne atakuja kuyatazama yakiwa kambani. Akiona doa, hakuna kazi.

Namuuliza: je, akikataliwa, ataijutia ile sahihi?

Kabla hajajibu, sauti inatoka mlangoni. "Mke wangu, chai imepoa, mkate umekauka, mgeni hajapewa hata kiti, na wewe unakikodolea macho kitambaa kana kwamba kimekuja kukuposa!"

Mama Povu anacheka.

"Umemsikia? Yote hayo kwa pumzi moja."

Anachukua shuka la kwanza, analikung'uta, na kulianika juani.