Barua Ikinyamaza: Pulchérie wa Baraka na Anwani 186

Saa moja na nusu asubuhi, Ijumaa, sokoni Baraka, mashariki mwa Kongo. Pulchérie Wilondja anapangusa vumbi kwenye kompyuta, anamwomba Mungu mtandao usimwangushe, kisha anaanza kusoma majibu kwa sauti. "Sombe na ndagala. Ugali na lenga-lenga. Huyu, aa, huyu alilala njaa, pole yake."

Usidhani mama huyu wa miaka thelathini na sita anafungua mgahawa. Anahakiki anwani za barua pepe.

Kibanda chake ni cha kupiga chapa na kutoa fotokopi. Siku njema humwachia faranga elfu kumi na tano. Wiki hii ana kazi nzito zaidi. Shirika moja linataka kuwafundisha ukunga wanawake wa Fizi, na walioomba nafasi ni 186. Mwito wa mtihani utapita kwenye barua pepe tu. Asiyejibu ndani ya siku tatu, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Orodha iliyohakikiwa inatakiwa leo saa sita mchana, na ujira wake ni dola thelathini.

Alipowaandikia wote, barua 29 zilirudi papo hapo: anwani hizo hazipo. Mwingine angetia alama ya vema kwa zilizobaki, akachukua dola zake, akaenda zake. Pulchérie? Thubutu!

"Barua kama hairudi, haiko kusema muntu ameisoma," anasema. "Telefone inaweza pokea, mwenyewe hajue kitu. Mi ninataka muntu ajibu."

Ndiyo maana kila anayeandikiwa huulizwa: jana ulikula nini? Mashine haina jibu la swali hilo, na watu wa Baraka ukiwagusia chakula hawawezi kunyamaza.

Jumatano lilikuja jibu lililomchekesha, kisha likamkosesha raha. Anwani ilikuwa ya Fébronie Irankunda, mkimbizi kutoka Burundi anayelima mihogo karibu na Nundu. Jibu: nyama ya ng'ombe, na maziwa juu yake.

"Nikasema, eeh! Mukimbizi gani huyu? Aniite na mi basi!"

Akapiga namba ya jirani wa Fébronie iliyokuwa kwenye orodha. Fébronie alikuwa amekula mihogo mitupu, na barua hakuiona kabisa.

Simu yake aliiuza mwaka jana mtoto alipougua malaria, nayo ikapanda milima hadi kwa mfugaji wa Bibokoboko. Anwani ilibaki ndani ya simu. Muuza simu aliyemuuzia Fébronie simu hiyo ndiye aliyemfungulia anwani siku ya kwanza, na neno la siri hakumpa. Mfugaji wa watu hakuwa na ubaya: kaulizwa, kajibu. Kwenye orodha hiyo moja Pulchérie amekuta wanawake kumi na wanne wenye mkasa kama huo.

Saa tatu Ijumaa hii, pikipiki inasimama mlangoni. Fébronie anashuka, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mama, sijachelewa?"

"Bado. Ikala kwa kiti, tufungue adresi ingine."

Neno la siri Fébronie analichapa mwenyewe, kidole kimoja kimoja, mkono wa pili ukifunika. Pulchérie anajifanya anachungulia.

"Hapana, mama. Hata wewe sikuambie!"

"Asante Mungu!" Pulchérie anapiga makofi. "Huyu amesikia!"

Neno hilo likiwa kichwani, ataweza kuifungua anwani yake hata kwenye simu ya jirani. Saa tano na nusu orodha inaondoka, na jina la Fébronie limo.

Jumatatu, mwandishi alipompigia Pulchérie, alimkuta na furaha tele. Barua ya mwito ilikuwa imefika Nundu, na Fébronie alikuwa amekwisha kuijibu.

Sasa Pulchérie anapanga kupanda Fizi-Centre, aziombe shule zimpe saa moja na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. "Mutoto asitoke école bila adresi yake, na mot de passe iko kwa kichwa yake, haiko kwa muuza telefone."

Je, Fébronie atafaulu mtihani?

"Kufaulu iko kazi yake na Mungu," anasema. "Lakini bamemuita, na ameitika yeye mwenyewe."