Kuku wa Mamangu Walimgeuza Paka

Admin, nisitiri jina. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Likoni. Kinachoniandikisha si machozi. Ni hasira tupu, na dharau juu yake.

Miaka ya tisini, nikiwa bado shule ya msingi, mamangu alikuwa na kibanda cha chakula karibu na feri. Kila Ijumaa akipika kuku wa kupaka: kuku anachomwa makaani huku akipakwa tui zito lenye ndimu na pilipili, mpaka harufu inawafuata watu barabarani. Wateja hata jina hawakuwa wakilimaliza. Mtu akifika husema tu, "Mama, wa kupaka yuko?" Naye hujibu, "Yuko mwanangu, keti."

Ijumaa moja akaja bwana mmoja kutoka bara, kamera shingoni, mwandishi wa kijigazeti fulani ambacho kimeshakufa na hakuna aliyekililia. Akamuuliza mteja, "Hapa mnakula nini?" Akajibiwa, "Wa kupaka." Mamangu akamwambia, "Karibu, nikupakulie uonje." Akasema ana haraka. Haraka ya nini? Kuuliza si ujinga, lakini yule aliona akiuliza habari yake itaharibika. Akampiga picha paka wa jirani aliyekuwa chini ya benchi akingoja mifupa, akaenda zake.

Wiki iliyofuata: "MAMA ALISHA WATU PAKA LIKONI!" Wallahi, hivyo hivyo, herufi kubwa, na yule paka pembeni, ati ndiye wa kesho.

Hapo ndipo nilipowajua binadamu. Waliokuwa wakilamba vidole ndio waliokuwa wa kwanza kujishika matumbo. Jirani mmoja akasema yeye tangu zamani alishuku. Alishuku huku akiomba aongezewe mchuzi! Bwana afya akaja, akakagua, akakuta kuku na manyoya ya kuku, akasema mama hana kosa. Hilo halikuandikwa popote. Kibanda kikafungwa, mamangu akaenda kufulia watu nguo mpaka vidole vikapinda. Mimi shuleni nikawa naitwa "nyau". Hajapika tena kuku wa kupaka, na akatukataza kabisa kulitaja jambo hilo.

Sasa sikieni. Yule bwana amezeeka, ana ukurasa wake mtandaoni, anajiita mwanahabari mkongwe. Juzi ameirudisha ile habari na picha ile ile, ati ni kazi aliyoifanya kuokoa maisha ya Wapwani. Ptuu! Maelfu wanacheka, wanatukana, mmoja anataka huyo mama atafutwe achapwe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Asiyejua maana haambiwi maana.

Na kati ya waliocheka yumo binti yangu, ambaye hakujua lolote. Alikuwa sebuleni, akapaza sauti, "Nyanya, hebu sikia vituko vya Likoni ya zamani!" Akamsomea yote. Mamangu alikuwa akichambua mchele. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hakuonja yule. Nilimkaribisha, hakuonja."

Binti yangu akanigeukia, akaniona uso, akaelewa; yaliyobaki nikamweleza. Amelia siku nzima. Anataka kuandika pale pale chini kwamba huyo ni nyanyake na alikuwa akipika kuku. Mimi nimemzuia. Nawajua wale. Ukimtaja jina mama kesho watakuja na simu zao mlangoni kumlilia nyau, mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye magoti hayamruhusu hata kukimbia. Lakini nikinyamaza, mamangu atazikwa akiwa mama wa paka, na nitakuwa nimekubali.

Jana yeye mwenyewe ameniagiza kuku na nazi mbili. Nikamuuliza, "Za nini, mama?" Akasema, "Mwite yule bwana aje. Safari hii asiwe na haraka."

Mimi nimeomba kufichwa, na mmenificha. Mwenye kusingiziwa ndiye anayetaka kutoka nje. Nishaurini jamani: nimtaje mamangu mbele ya watu wale, au nimfiche kama ninavyojificha mimi?